Hewa Yenye Tindikali: Inavyofika Kifuani na Namna ya Kujikinga



Jioni katika viunga vya Tunguu, upepo unapotulia baada ya alasiri, ni jambo la kawaida kuona moshi ukipanda nyuma ya nyumba. Mwenye nyumba amefagia uwanja na kukusanya majani ya mwembe. Juu ya majani ametupa vipande vya bomba la maji vilivyoachwa na fundi, viatu vya plastiki vilivyokatika, na waya wa umeme usiofaa tena. Moto ukishika, jirani huhisi mwasho puani na machoni. Hufunga madirisha na kukohoa mara mbili tatu. Baada ya nusu saa harufu hupotea, madirisha hufunguliwa, na kila mtu hurudi katika shughuli zake akiamini kwamba jambo limekwisha. Usiku wa manane, mtoto wa nyumba hiyo mwenye pumu huamka akihema.

Mfano huu tumeutunga, lakini wasomaji wengi watautambua. Unazaa swali ambalo makala hii inakusudia kulijibu: hewa yenye tindikali huingiaje katika njia zetu za pumzi, hufika wapi, na kwa nini madhara yake huweza kuonekana pale ambapo pua imekwisha kusahau? Jibu lina faida kwa kila anayenunua jenereta, mtungi wa gesi, dawa ya kusafishia choo au lita moja ya dizeli. Msingi wake ni mmoja: mwasho si kipimo cha hatari. Ipo tindikali inayowasha na kuishia puani, na ipo isiyowasha sana lakini hufika ndani kabisa ya mapafu.

Tindikali ya hewani hutoka wapi

Tindikali, au asidi, si kitu kigeni nyumbani. Siki ni tindikali, ndimu ni tindikali, na maji ya betri ya gari ni tindikali kali. Wataalamu hupima ukali wake kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi yana pH 7, siki ina takriban 3, na ndimu takriban 2. Kila namba inaposhuka kwa moja, ukali wa tindikali huongezeka mara kumi. Damu ya binadamu hukaa karibu na 7.4, na mwili hufanya kazi kubwa ili isitoke hapo.

Hewani, tindikali mara nyingi huanza kama gesi. Gesi hiyo ikikutana na maji, yawe unyevu wa hewa, tone la mvua au ute wa pua, ndipo hugeuka kuwa tindikali kamili. Njia za pumzi zina unyevu wakati wote, kwa hivyo mwili wenyewe huwa ndio mahali pa kukamilishia tindikali hiyo. Kwa mtumiaji wa Unguja, vyanzo vikuu vya kuvijua ni hivi.

Cha kwanza ni salfa iliyomo katika mafuta. Dizeli na mafuta mazito ya meli yana salfa, na yanapoungua hutoa gesi ya dayoksaidi ya salfa. Gesi hiyo huweza kugeuka hewani kuwa asidi ya salfuriki, ambayo ndiyo tindikali ya betri ya gari.

Cha pili ni moto wenye joto kali. Takriban asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni, ambayo haina madhara ikiwa peke yake. Ndani ya injini, jenereta au mwako wa jiko la gesi, joto huilazimisha kuungana na oksijeni. Hatimaye hupatikana dayoksaidi ya nitrojeni, ambayo ikikutana na maji hutoa asidi ya nitriki.

Cha tatu ni plastiki ngumu yenye klorini, ijulikanayo kama PVC, inayotengenezewa mabomba ya maji na maganda ya waya za umeme. Ikichomwa hutoa kloridi ya hidrojeni. Gesi hiyo ikigusa majimaji huwa asidi ya hidrokloriki, aina ileile inayosaga chakula tumboni. Tumbo limeumbwa kuihimili, ila pua na kifua havikuumbwa hivyo.

Cha nne ni kuni, vifuu na magogo ya mnazi. Moshi wake una mchanganyiko wa vitu vingi, na miongoni mwao ni asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki. Hiyo ni moja ya sababu za moshi wa kuni kuuma macho ya mpishi.

Cha tano hakihitaji moto. Ni kuchanganya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki, na tindikali ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini papo hapo, na chooni mara nyingi hakuna dirisha la kutosha.

Mlango wa kwanza: pua na koo

Mtu mzima aliyetulia huvuta takriban lita sita hadi nane za hewa kwa dakika. Hewa hiyo hupita kwanza puani, mahali ambapo pana nywele, vijia vilivyopinda na utando wenye ute. Nywele huzuia vumbi kubwa. Vijia vilivyopinda huilazimisha hewa igusane na ute. Ute ni majimaji, na kila gesi inayoyeyuka kwa urahisi katika maji hunaswa hapo.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya kukumbuka: kadiri gesi inavyoyeyuka upesi katika maji, ndivyo inavyoishia juu. Kloridi ya hidrojeni na dayoksaidi ya salfa huyeyuka upesi. Kwa mtu aliyetulia na anayepumua kwa pua, zaidi ya asilimia 90 ya dayoksaidi ya salfa hunaswa kabla ya kufika chini. Ndiyo maana gesi hizi huwasha mara moja. Mwasho, chafya na machozi ni alama kwamba tindikali imetengenezeka katika utando wa juu na kwamba mwili unakutaka uondoke.

Kinywa nacho kina ulinzi wake mdogo. Pumzi inayopita kinywani huwa na kiasi kidogo cha amonia, na amonia hupunguza makali ya tindikali kama vile magadi yanavyoipunguza siki. Ulinzi huo hautoshi inapokuwa tindikali ni nyingi, lakini unaonesha kwamba mwili haukuachwa bila ya ngao.

Ngao hizi hushindwa tunapoanza kupumua kwa mdomo. Mchukuzi anayepandisha mizigo, kijana anayekimbia uwanjani, mwenye mafua aliyezibwa pua, wote hawa huipitisha hewa mdomoni na kuikwepesha pua. Kazi nzito huweza kupandisha hewa inayovutwa hadi lita 40 kwa dakika na zaidi. Hewa nyingi, inayokwenda kasi, kwa njia isiyo na chujio: kiasi kinachofika kifuani huongezeka mara nyingi, hata kama moshi ni uleule.

Mlango wa pili: bomba la hewa na matawi yake

Chini ya zoloto, hewa huingia katika bomba moja kubwa. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, moja kwa kila pafu, kisha kila tawi hugawanyika tena na tena, takriban mara 23, kama mwembe uliopinduliwa. Kuta za matawi haya zimefunikwa na utando mwembamba wa ute, na chini yake vimo vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo hupiga zaidi ya mara kumi kwa sekunde, vikiusukuma ute na uchafu wake kwenda juu, milimita chache kila dakika, hadi kooni, ambako humezwa au hutemwa.

Tindikali inapofika hapa hufanya mambo mawili. Kwanza, huchokoza mishipa ya fahamu iliyomo katika kuta za matawi. Mishipa hiyo huamrisha misuli inayozunguka njia ya hewa ibane, na mtu hukohoa. Kwa asiye na pumu, kubana huko huwa kudogo. Kwa mwenye pumu, matawi hubana ndani ya dakika chache, na pumzi huanza kutoa sauti ya filimbi. Pili, tindikali huathiri ute na kazi ya vinyweleo. Ute huwa mzito, usafishaji huwa wa polepole, na uchafu au vijidudu ambavyo vingetolewa hukaa ndani kwa muda mrefu zaidi.

Kwa sababu hiyo, Shirika la Afya Duniani limeweka vipimo viwili tofauti kwa dayoksaidi ya salfa. Kwa wastani wa saa 24, gesi hiyo isizidi maikrogramu 40 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Kwa dakika kumi, isizidi maikrogramu 500. Kipimo cha dakika kumi kimewekwa kwa kuwa mwenye pumu hahitaji kukaa kutwa nzima katika moshi ili adhurike. Safari fupi nyuma ya lori linalotoa moshi mzito huweza kumtosha.

Mlango wa tatu: vifuko vya hewa

Mwisho wa matawi yote vimo vifuko vidogo vya hewa, mamia ya mamilioni yake. Ukuta unaotenganisha hewa na damu mahali hapa ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Oksijeni huupita kwa urahisi, na ndipo ilipo hatari, kwa kuwa mahali panapopitisha uhai kwa wepesi hupitisha na madhara.

Dayoksaidi ya nitrojeni haiyeyuki upesi katika maji. Kwa hivyo pua hainasi sehemu kubwa yake, na mwasho wake huwa hafifu. Hupita bomba la hewa, hupita matawi, na kufika katika njia nyembamba kabisa na vifuko. Huko ndiko inakogeuka tindikali, mahali ambapo hapana ute mwingi wala vinyweleo vya kuiondoa. Mtu aliyekuwa chumbani na gesi nyingi ya aina hii huweza kutoka akijiona mzima, kisha saa kadhaa baadaye mapafu yake yakaanza kujaa maji. Klorini nayo husimama katikati ya aina hizi mbili: huwasha, lakini ikiwa nyingi hufika chini pia, na madhara yake huweza kuchelewa.

Hapa ndipo tunapopata maana ya kauli tuliyoanza nayo. Anayesema "haikuniwasha sana, basi haikunidhuru" anapima kazi ya mlango wa kwanza peke yake.

Masizi: chombo kinachobeba tindikali

Iko njia nyingine inayoiwezesha hata tindikali iyeyukayo upesi kufika chini kabisa. Njia hiyo ni kupanda juu ya chembe za moshi.

Unywele mmoja wa kichwani una unene wa takriban maikromita 70. Chembe zinazozidi maikromita 10 huishia puani na kooni. Zilizo chini ya maikromita 2.5, yaani ndogo kuliko unene wa unywele kwa takriban mara 28, husafiri na hewa hadi kwenye vifuko. Moshi wa dizeli, wa kuni na wa taka umejaa chembe za namna hii. Tindikali hujipaka juu ya chembe hizo, au huunda matone madogo ya peke yake, na kwa hivyo pua huliona vumbi dogo lisilo na harufu badala ya gesi inayowasha.

Unyevu nao una nafasi yake. Matone ya asidi ya salfuriki hupenda maji, na ndani ya njia za pumzi hewa huwa imejaa mvuke. Tone lililoingia likiwa dogo hunyonya maji na kukua, na kadiri linavyokua ndivyo linavyonata kwa urahisi katika ukuta wa tawi lililo karibu. Maji hayo humpunguzia ukali kiasi, lakini hayaiondoi tindikali yenyewe.

Kwa hivyo harufu inapokwisha, masizi huenda bado yapo hewani na juu ya mashuka, mapazia na sakafu. Mtoto wa mfano wetu alilala katika chumba kilichofungwa pamoja na moshi ambao tayari ulikuwa umekwisha kuingia.

Funzo la kale na funzo la kwetu

Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Disemba 1952, jiji la London lilifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Upepo ulitulia, hewa baridi ikakaa chini ya hewa yenye joto, na moshi wa mitambo pamoja na wa meko ya majumbani haukupata pa kutokea. Salfa ya makaa iligeuka tindikali ndani ya matone ya ukungu, na watu wakaivuta kwa siku tano. Makadirio ya wakati ule yalikuwa vifo 4,000. Uchunguzi wa miaka ya baadaye ulifikisha makadirio hadi 12,000. Wengi wa waliofariki walikuwa wazee, watoto wachanga na wenye maradhi ya kifua na moyo. Mwaka 1956 Uingereza ilitunga Sheria ya Hewa Safi, ambayo haikugusa viwanda pekee bali pia moto wa nyumbani.

Kisiwa chetu kina bahati ya upepo wa bahari. Kaskazi na Kusi huipeperusha hewa chafu ambayo katika jiji la bara ingebaki. Lakini upepo hauingii katika kila uchochoro. Wengi tunakumbuka kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme kwa takriban miezi mitatu kutokana na hitilafu katika njia ya umeme utokao Tanzania Bara. Jenereta ziliwekwa vibarazani, milangoni mwa maduka na katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako kuta zinakaribiana na moshi wa mmoja huingia dirishani kwa mwingine. Funzo la kipindi hicho ni kwamba hewa ya kisiwa si salama kwa sababu tu bahari iko karibu. Umbali baina ya chanzo cha moshi na pua ya mtu ndio wenye uzito zaidi.

Yako pia mafanikio ya kujivunia. Kuanzia Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia katika dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Tangu tarehe 1 Januari 2020, kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari zimeshusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Hata hivyo, asilimia 0.5 ni sawa na sehemu 5,000 kwa kila milioni, yaani mara 100 ya kiwango cha dizeli ya magari. Anayefanya kazi bandarini, karibu na mabomba ya moshi ya meli, bado anahitaji kujihadhari.

Imani zinazohitaji kurekebishwa

Watu wengi hunywa maziwa baada ya kuvuta moshi au gesi, wakiamini kwamba husafisha kifua. Maziwa hupita katika umio na kwenda tumboni. Hayaingii katika bomba la hewa, na yakiingia kwa bahati mbaya huwa ni hatari nyingine. Si vibaya kunywa maziwa kwa lishe, lakini yasimcheleweshe mgonjwa kupelekwa hospitali.

Wengine hujifunika pua kwa kanga au barakoa. Kitambaa huzuia vumbi kubwa. Kikiwa kimelowa maji, huweza kunasa sehemu ya gesi inayoyeyuka upesi, na kinafaa kwa kupita haraka kuelekea penye hewa safi. Hakizuii dayoksaidi ya nitrojeni wala chembe ndogo za masizi. Anayefunga kanga na kuendelea kukaa motoni amejipa amani ya moyo isiyo na msingi.

Wako wanaodhani kwamba jiko la gesi halitoi chochote. Ni kweli kwamba gesi ya mtungi ni safi zaidi kuliko kuni na mkaa, na kuhamia huko ni hatua njema kwa afya ya familia. Lakini mwako wake hutoa dayoksaidi ya nitrojeni, ile isiyotambulika kwa urahisi puani. Jiko la gesi linahitaji dirisha kama jiko jingine lolote.

Ushauri kwa mtumiaji

1. Usichome plastiki, hasa mabomba, waya na viatu. Tenganisha taka: majani na mabaki ya chakula yafanywe mbolea shambani, na plastiki ipelekwe katika makusanyo ya taka ya shehia yako.

2. Jenereta iwekwe nje, mbali na madirisha na milango, na bomba la moshi lielekezwe upande usio na watu. Kibaraza kilichozungukwa na kuta hakihesabiwi kuwa nje. Kumbuka kwamba pamoja na tindikali, jenereta hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala mwasho, inayoua.

3. Nunua dizeli na petroli katika vituo vyenye leseni. Mafuta ya kwenye madumu ya pembeni mwa barabara hayana uthibitisho wa kiwango cha salfa wala wa kutochanganywa.

4. Fanyia matengenezo gari, pikipiki na jenereta kwa wakati. Moshi mweusi ni mafuta uliyoyalipia ambayo hayakuungua, na ni chombo cha kubebea tindikali.

5. Usichanganye dawa za usafi. Soma kibandiko kabla ya kununua, na usikubali dawa iliyotiwa katika chupa ya soda au ya maji isiyo na jina. Una haki ya kujua unachokipeleka nyumbani kwako.

6. Fungua dirisha unapopika, kwa kuni, mkaa au gesi. Jiko la kuni liwe na paa lililoinuliwa na upande mmoja ulio wazi.

7. Moshi wa jirani unapoingia, funga upande unakotoka na ufungue upande wa pili pale inapowezekana. Moto ukizimika, fungua pande zote, futa vumbi kwa kitambaa kilicholowa na ubadilishe mashuka ya mtoto.

8. Siku ya moshi mwingi, punguza kazi nzito na michezo ya nje. Watoto wana njia nyembamba za hewa, na kwa kulinganisha na uzito wao huvuta hewa nyingi kuliko watu wazima. Walimu wa skuli wanaombwa kulizingatia hili.

Dalili za hatari na hatua za kuchukua

Mtu aliyevuta gesi au moshi aondolewe haraka mahali hapo na apelekwe penye hewa safi. Macho yakiwasha, yaoshwe kwa maji safi mengi. Nguo zilizopata gesi au dawa zivuliwe. Mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta kama alivyoelekezwa na daktari, na akae wima badala ya kulala chali.

Apelekwe kituo cha afya au hospitali bila ya kuchelewa ikiwa anapumua kwa shida, pumzi inatoa sauti ya filimbi, sauti imekauka ghafla, kifua kinamuuma, midomo inageuka rangi au fahamu zinapungua. Aliyekuwa chumbani na jenereta, au aliyevuta gesi ya dawa zilizochanganywa, aende kuchunguzwa hata kama anajiona mzima, kwa sababu tulizozieleza. Mchukuzi wa mgonjwa aende na chupa ya dawa iliyotumika, ili daktari ajue anachokitibu.

Ikiwa uchomaji wa taka au moshi wa shughuli fulani ni jambo la kila siku katika mtaa wenu, anzeni kwa mazungumzo ya ujirani, kisha mfikishieni Sheha. Lisipotatuliwa, lipelekwe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar Namba 3 ya mwaka 2015. Malalamiko yenye tarehe, saa, mahali na aina ya kitu kinachochomwa hushughulikiwa kwa wepesi zaidi kuliko malalamiko ya jumla.

Mwenye nyumba wa mfano wetu hakukusudia kumdhuru mtoto wa jirani. Alitaka uwanja wake uwe safi, na hakujua kwamba kipande cha bomba la maji kikiungua hugeuka tindikali katika koo la mtu. Sasa wewe, ndugu msomaji, unajua. Utakapowasha kiberiti mbele ya rundo la taka, toa kwanza plastiki. Na utakapohisi mwasho puani, usingoje uishe ndipo uondoke.